Upepo Ulinitupa Kwenye Kamba za Nguo

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha nikining'inia chini ya daraja, kichwa chini miguu juu kama popo, vifundo vimefungwa kamba ya mpira na helmeti imenishukia puani. Wengi mmeuliza kama nilitoka salama. Nilitoka. Maiti haandiki gazetini.

Kwa anayeanza nami leo: mimi ni mama wa mtoto mmoja, wa kike. Nilipika katika bweni la shule tangu usichana hadi kustaafu, kwa hiyo masikio yangu yamekulia kwenye kelele. Mwanangu aliondoka kwenda kufanya kazi ughaibuni, akakaa huko miaka. Mwaka huu akanitumia tiketi.

"Njoo, Mama. Tukae pamoja."

Nikaenda. Tukakaa. Yeye huko alikokuwa akishinda, mimi ndani.

Alitoka kabla maji ya chai hayajachemka. Jioni akirudi alioga, akanywa funda moja la maji, akaingia chumbani kwake. Nikimuuliza habari za kazi, anasema nzuri. Nikimuuliza amekula nini, anasema ameshiba. Ukimuuliza mtu maswali kumi ukapata majibu ya neno moja moja, mwisho unaona aibu kuuliza la kumi na moja.

Na kule ghorofani jirani si jirani. Nilimsalimia mzee mmoja kwenye lifti, akatazama namba za lifti mpaka zikaisha, akashuka.

Mwanangu aliona ninavyofifia, akaninunulia kadi ya kwenda safari zozote za kampuni ya matembezi. Akilini mwake nitapanda basi, nitazame milima dirishani pamoja na wazee wenzangu. Nilipofika, hilo basi la wazee lilikuwa kimya kama matanga. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na vijana wanacheka. Miguu yangu ikafuata kicheko.

Kumbe kilikuwa kicheko cha watu wanaokwenda kurushwa darajani!

Hilo la daraja mmelisoma. Baada ya daraja nikapanda boti ya mpira kwenye maporomoko ya mto, boti ikapinduka, nikanywa mto nusu. Baada ya mto wakanitelezesha kwenye waya juu ya korongo. Wenzangu walipita kama mshale. Mimi nikakwama katikati, nikakaa pale nikipepea huku vijana wakinipigia makofi ya kunitia moyo, mpaka mtu akaja kunivuta kwa kamba kama ndoo ya kisimani.

Na bado nilirudi. Msomaji mmoja ameniandikia: bibi, una nini wewe, umerogwa?

Sikurogwa, na wala si ushujaa. Sababu ni ndogo, na kuisema kunanitia haya.

Kule kuna mtu anayekufunga mikanda. Anakaza begani, anakaza kiunoni, anapitisha kidole kuona kama imebana. Anakutazama machoni. Anakuuliza, "Uko sawa? Unapumua?" Kisha anakushika mkono mpaka dakika ya mwisho.

Tangu nitue nchi ile, hakuna mwingine aliyeniuliza kama ninapumua.

Basi, twende kwenye ya wiki hii.

Jioni moja mwanangu alinikuta sebuleni nikijikanda mkono kwa kitambaa cha maji moto. Waya ulikuwa umeniachia alama ya zambarau kuanzia kiwiko hadi begani.

"Mama! Umefanya nini mkono?"

"Nimejigonga mlangoni."

"Mlango gani?"

"Huo wa bafuni."

Akainama aukague. Alipoinama, mkono wa sweta lake ukapanda, nikaona bandeji nyeupe juu kidogo ya kifundo cha mkono wake.

"Na wewe je?"

Akaushusha mkono wa sweta haraka. "Nimejigonga."

"Wapi?"

"Mlangoni."

Tukatazamana. Nyumba ile ilikuwa na milango mitatu, na yote haikuwa na hatia. Ningeweza kuuliza. Angeweza kuuliza. Lakini mwenye lake la kuficha hana ulimi wa kumbana mwenzake. Akasema nipumzike. Nikamwambia na yeye apumzike. Akafunga mlango wake polepole, kama anayefunga chumba cha mtoto aliyelala.

Asubuhi nikaenda mlimani.

Mchezo wa siku ile ulikuwa wa kuruka na bawa la kitambaa. Bawa lenyewe ni refu, jepesi, lina nyuzi nyingi kama mtambo wa mfumaji. Mnafungwa wawili, abiria mbele, rubani nyuma, mnakimbia kuelekea gengeni, na Mungu akipenda upepo unawabeba.

Rubani wangu watu walimwita Mbayuwayu. Ndiye aliyenivuta siku ya waya. Alikuwa wa upande wetu wa dunia, akavuka mipaka akiwa kijana mdogo. Lugha yetu bado alikuwa nayo, ila imeota kutu pembeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo utanikwamisha wapi?"

Akacheka. Akanifunga mikanda. Kifuani, kiunoni, mapajani.

"Inabana?"

"Kaza kidogo," nikasema, ingawa ilibana vya kutosha.

"Sikiliza. Nikisema kimbia, kimbia. Usikae chini. Ukikaa, tunaanguka."

"Na nikikimbia?"

"Tunaanguka pia. Lakini kwa adabu."

Akasema kimbia. Nikakimbia. Magoti yangu ya jikoni yalilalamika hatua ya kwanza, ya pili, kisha nikaona nakimbia hewani, miguu inapiga patupu kama ya mtoto anayebebwa juujuu. Mlima ukaondoka chini yetu.

Nilipiga ukelele. Ukelele ukaisha. Kukawa kimya.

Kimya cha kule juu hakikuwa kama cha ghorofani. Cha ghorofani kinakukalia kifuani. Cha juu kilinibeba. Chini yetu mji ulikuwa umetandazwa, barabara nyembamba, magari kama punje.

"Unatafuta nini, Mama? Unageuzageuza kichwa."

"Jengo anakofanya kazi mwanangu. La vioo."

"Yote ya vioo."

Ni kweli. Yote yalimeta sawasawa. Mahali fulani mle ndani alikuwa mtoto niliyembeba mgongoni, na sikujua hata nitazame dirisha lipi.

Tukaelea. Baadaye kijana akasema, sauti yake iko nyuma tu ya sikio langu, "Mama, nikuombe kitu?"

"Omba."

"Nigombeze."

"Nini?"

"Nigombeze kidogo tu. Hapa nikikosea wananikata ujira wa siku. Hakuna anayenigombeza."

Msomaji, mimi nimegombeza mabweni mazima. Nikasafisha koo.

"Wewe mtoto! Nywele hizo zimegombana na kitana? Na hilo koti, kifungo kimekatika tangu lini? Unasubiri kiote? Jioni unakula nini, mkate mkavu, eti? Ndiyo maana kifua kimekuwa ubao wa kufulia. Na mama yako, umempigia simu lini? Usinijibu! Unafikiri anakula hizo hela unazomtumia? Anataka sauti yako, mwehu wewe!"

Nikadhani nimezidisha chumvi. Kisha nikahisi kidevu chake kimegusa juu ya helmeti yangu, kikatulia pale.

"Endelea," akasema.

Sikupata nafasi ya kuendelea.

Bawa lilipiga mlio, paa! kama shuka linalokung'utwa. Upande wa kushoto ukajikunja. Tukaanguka kama jiwe, tukashikwa, tukaanguka tena.

"Mbayuwayu!"

"Usiniongeleshe sasa, Mama."

Sauti yake ilikuwa nyingine. Mikono yake ilivuta huku, ikaachia kule. Bawa likafunguka, lakini upepo ulikuwa umeshageuka na kutuchukua. Uwanja wa kutua, wenye mduara mweupe, nikauona ukipita kushoto, kisha ukawa nyuma, kisha haupo. Mbele kulikuwa na mapaa.

"Kunja miguu!"

Paa la kwanza tukaliruka. La pili nikaligusa kwa kisigino, kiatu kikabaki huko. Ng'ambo kulikuwa na uwanja wa majani, na katikati yake kamba za nguo, safu kwa safu, zimeanikwa mashuka meupe.

Tukaingia kwenye mashuka.

Sijui niseme nini kuhusu kutua kule. Shuka la kwanza lilinifunika uso. La pili likatufunga wote wawili kama kifurushi. Kamba zikakatika, nguzo moja ikalala, nasi tukaburuzwa mpaka kwenye ua wa michongoma, tukasimama. Nikasikia kitu kimeteguka kwenye kifundo cha mguu, na maumivu yakapanda hadi kwenye meno.

"Mama! Unapumua?"

"Napumua. Mguu ndio sijui."

Walipotufunua, nikaona wanawake wawili waliovaa aproni, midomo wazi. Nyuma yao, kwenye mabenchi, walikaa watu wenye magauni ya wagonjwa. Mmoja alianza kupiga makofi, akadhani ni burudani wameletewa.

Tulikuwa tumeangukia hospitali. Mbayuwayu akasema kama kuna mahali pa kuanguka, ndipo hapo. Nikacheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena.

Wakanikalisha kwenye kiti cha magurudumu, mguu mmoja una kiatu, mwingine umevimba kama andazi. Wakanisukuma ndani, wakaniacha kwenye korido nisubiri picha ya mfupa. Helmeti bado ninayo kichwani, mikanda bado ninayo kifuani. Mbayuwayu alichuchumaa kando yangu.

"Wanataka namba ya ndugu yako," akasema.

"Sina ndugu huku."

"Mwanao je?"

"Akijua, ananirudisha nyumbani kesho. Anadhani niko kwenye basi la wazee."

"Mama, huwezi hata kusimama. Nani atakupeleka? Nipe namba."

Nilimtazama. Nikampa. Alibonyeza, akaweka sauti ya nje, akaishika simu kati yetu.

Ikaita.

Na nyuma yangu, ndani ya mlango uliokuwa umeegeshwa, simu ikaanza kulia.

Nikafikiri ni bahati tu. Simu ngapi hulia duniani kwa wakati mmoja? Lakini ule mlio niliujua. Ni ndege anayelia mara tatu na kunyamaza. Niliusikia kila jioni kupitia ukuta.

Ndege akakatika.

"Haloo?" ikasema simu ya Mbayuwayu.

"Haloo?" ikasema sauti nyuma ya mlango.

Mbayuwayu alinigeukia, macho yamemtoka. Nikamnyang'anya simu. Sijui nani alinipa ujasiri wa kuongea kawaida.

"Ni mimi, mwanangu."

"Mama? Simu ya nani hii? Uko wapi?"

Maneno yote niliyasikia mara mbili, moja sikioni, moja mgongoni.

"Niko kwenye basi," nikasema. "Nimeazima simu ya mtu. Nimekukumbuka tu. Wewe uko wapi?"

"Kazini, Mama. Naingia kwenye mkutano sasa hivi."

"Mkutano mrefu?"

"Mrefu kidogo. Usinisubiri chakula."

Nikamwashiria Mbayuwayu kwa kidole. Akausukuma mlango, kisha akanisukuma mimi.

Kilikuwa chumba kirefu, chenye viti vikubwa vya kuegemea. Karibu na kila kiti kulikuwa na mashine iliyosimama kama mtu mrefu. Kwenye kiti cha karibu na dirisha alikaa mwanangu, blanketi magotini, simu bado sikioni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa, na kutoka pale penye bandeji ilitoka mirija miwili myekundu, ikaingia kwenye mashine, ikatoka, ikamrudia.

Aliniona. Simu ikashuka taratibu mpaka blanketini.

"Mkutano umeanza?" nikauliza.

Lilinitoka tu. Ningetoa chochote nilirudishe.

"Mama," akasema. "Mbona umevaa helmeti?"

Nikaivua. Nikaiweka mapajani, nikaishika kwa mikono yote miwili. "Hiyo mashine ni ya nini?"

"Inasafisha damu."

"Damu yako ina nini?"

"Figo, Mama. Zimechoka."

"Zote mbili?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Kabla sijakutumia tiketi."

Nilikumbuka asubuhi zote nilizoamka nikakuta kikombe chake kimeshaoshwa. Nilimlaumu kimoyomoyo, msomaji. Nilisema ughaibuni kumemfanya jiwe. Kumbe wote wawili tulikuwa peke yetu, ukuta mmoja kati yetu, kila mtu akiugulia upande wake.

"Mbona uliniita kama hukutaka kuniambia?"

"Nilitaka nikuone." Midomo ilimcheza. "Kila jioni nikifungua mlango nasema leo. Nakukuta umekaa pale kwenye kochi, umenyoosha gauni, unanisubiri. Nashindwa."

Nikausogeza mkono wangu nikamshika vidole vya mkono usio na mirija. Vilikuwa baridi. Hakuvitoa. Tukakaa hivyo, mashine ikizunguka na kunong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilijua mwanangu yuko wapi.

Ningeishia hapo ningekuwa na la kushukuru.

Lakini mlango ulifunguka, akaingia muuguzi mwenye miwani, mwanamke wa makamo mwenye hatua za haraka. Alitazama kiti changu, mguu wangu, helmeti, mikono yetu iliyoshikana. Akamuuliza mwanangu kitu kwa lugha yao. Mwanangu akajibu haraka haraka, bila kuniangalia, na akavitoa vidole vyake mkononi mwangu.

"Anasemaje?" nikamuuliza Mbayuwayu.

"Anauliza wewe ni nani kwake. Binti amesema mnaishi jengo moja."

"Jengo moja? Mwambie mimi ni mama yake."

"Kaka, tafadhali," mwanangu akasema kwa lugha yetu. "Usimwambie."

Kijana wa watu akasimama katikati, akimtazama huyu, akimtazama huyu.

"Mwambie!" nikafoka, sauti ile ya bweni.

Akamwambia.

Muuguzi akavua miwani. Akaongea kwa muda mrefu, polepole, akinielekea mimi kana kwamba nitamwelewa. Mbayuwayu alisikiliza kichwa kimeinama. Muuguzi alipomaliza, kijana akageuza uso.

"Sema, mwanangu. Usiniogope."

"Anasema haiwezekani, Mama. Anasema binti alipoletwa hapa mara ya kwanza walimuuliza habari za ndugu wa damu. Anahitaji mtu wa kumpa figo moja. Mzazi ndiye wa kwanza kupimwa. Akawaambia hana mtu. Akawaambia baba alikufa, na mama yake pia alishazikwa."

Mashine iliendelea kunong'ona. Mwanangu alikuwa amefumba macho, na chozi limemtoka likaenda kuingia sikioni.

Hapo nikaelewa. Nilizikwa nikiwa hai, na aliyenizika alifanya hivyo ili nisikatwe.

Nikaivuta mikanda, nikalikunja sweta mpaka juu ya kiwiko, nikaunyoosha mkono wangu wenye zambarau mbele ya yule muuguzi.

"Mwambie atoe damu. Sasa hivi. Mwambie figo hizi zimebeba masufuria ya watoto mia nne, moja haitakosekana."

Mbayuwayu akatafsiri. Muuguzi akauangalia mkono wangu, akaniangalia usoni, akatafuta pua yangu na paji langu kwenye uso wa mwanangu. Kisha akamwinamia mgonjwa wake. Aliuliza swali fupi tu, na lile hata mimi nililielewa bila mkalimani: huyu ni mama yako?

Mwanangu akafumbua macho. Alinitazama kwa muda, akapita juu ya uso wangu wote, kama anayetaka kuukariri. Akamgeukia muuguzi, akajibu neno moja.

Muuguzi akaurudisha mkono wa sweta langu chini, kwa upole, akaufunga kifungo.

"Amesema nini?" nikauliza. "Mbayuwayu, amesema nini?"

Kijana alikuwa ameshashika mpini wa kiti changu, ananigeuza kuelekea mlangoni.

"Mama, nisamehe," akasema. "Amesema wewe si mama yake."